Zamu ya Baba

Binti yangu ndiye aliyeanza kucheka, chakula kikiwa bado mdomoni. Nikafuata mimi. Tulicheka mpaka machozi, tukashikana mabega, na mume wangu akatutazama mmoja baada ya mwingine, akatabasamu kidogo, akavuta sahani yake karibu. Alikuwa amesema, "Leo mimi naona ningelala tu nisiamke."

Ningejuaje? Mtu mwenyewe alikuwa Sponji.

Jina hilo alipewa na mafundi wenzake. Kazi yake ni kushona makochi, na ukiingia kibandani kwake unamkuta amezama kiunoni kwenye vipande vya sponji, vimisumari kavibana kwa midomo, na bado anakutania. Mteja anakuja amenuna, anaondoka anajifuta macho. Hata fundi wa kuchomelea wa mlango wa pili, mtu mgumu kama vyuma vyake, alikuwa anazima mashine ili amsikie vizuri.

Mwaka aliofariki kitindamimba wetu, nyumba iliingia ganzi. Binti yangu, ndio kwanza ameanza sekondari, akirudi shule anajifunika shuka gubigubi. Mimi nilikuwa nafua nguo ambazo hakuna aliyezivaa. Muuguzi wa zahanati akatukalisha chini, akatupa jambo dogo la kufanya: kila jioni, kabla ya kuinuka kwenye chakula, kila mmoja aseme kitu kimoja kilichomlemea siku hiyo. Wengine wasimjibu, wasimshauri. Wasikilize tu.

Jioni za mwanzo maneno yalitoka kwa kuvutwa, kama jino. Binti akasema anaogopa kupita karibu na kitanda cha mdogo wake. Mimi nikasema nimemchukia mwanamke mmoja sokoni, kisa mtoto wake anakohoa na bado yu hai. Baada ya kulisema hilo nilipata usingizi, wa kwanza tangu mazishi.

Ikifika zamu ya baba, anashusha pumzi kama mtu aliyebeba gunia. "Mimi leo kilichonilemea ni makalio ya mteja. Kochi nimemshonea juzi tu, limeshabonyea!"

Jamani, tulihitaji kucheka. Nani angemkataza? Ikawa mimi na binti tunasema yetu mbio mbio ili zamu yake ifike. "Haya baba, tupe!" Mtoto anapiga meza kwa kijiko. Akarudiwa na nuru usoni, akaanza tena kuimba bafuni. Muuguzi alipouliza nilimwambia dawa imefanya kazi, wala sikumdanganya. Kwetu sisi wawili ilikuwa imefanya.

Mume wangu hakuwa ameionja hata siku moja. Na jioni alipoionja, tukacheka.

Asubuhi yake aliwahi kazini, akajifungia ndani. Fundi wa kuchomelea alimgongea, akamtukana kwa mzaha kama kawaida yao, hakurudishiwa tusi. Hapo ndipo aliposhtuka. Akakata komeo, akamkuta sakafuni hajitambui.

Walimwahi.

"Shemeji," fundi yule aliniuliza kwenye korido ya hospitali, miwani ya kazi bado iko kichwani, "kwani hakuwaambia kitu?"

"Alituambia."

Sasa anatibiwa. Anameza dawa zake, anakwenda kuzungumza na daktari, kazini amerudi nusu siku. Na ile desturi ya jioni tunayo bado, ila siku hizi tunasikiliza kwelikweli. Ninyi wenye mchangamfu ndani ya nyumba, nawaomba: msimfanye kuwa redio yenu. Mwulizeni anaendeleaje, na akiwatania, ngojeni kidogo, mwulizeni tena.

Lakini hata huko kungoja nako kuna ubaya wake.

Juzi zamu yake ilipofika, macho yalimchangamka. Nilikuwa sijayaona hivyo kwa muda mrefu. "Kuna mteja amerudisha kochi," akasema. "Analalamika linakoroma kumshinda yeye."

Binti akaacha kutafuna. Mimi nikaweka kijiko chini. Tukamkodolea macho, tukimpekua uso kama watu wanaotafuta sindano kwenye zulia.

"Jamani," akasema. "Ni utani."

"Sawa, baba," binti akajibu kwa adabu, kama anavyomjibu mwalimu.

Akatutazama kidogo, kisha akainamia sahani yake. Tukaendelea kumsikiliza akitafuna.