Foleni Mlangoni mwa Stoo

Siku msimamizi alipomtupia shati usoni fundi mzee ambaye sote tulimwita Shangazi na kumwita kizee kipofu, karakana nzima ya sare za shule iliinamia cherehani, kila mtu kajifanya hakuona. Mama Kicheko, fundi asiyeishiwa soga, peke yake aliinuka, akaenda moja kwa moja kwa tajiri, mama mwenye karakana, akamwaga yote. Tajiri akamkaripia msimamizi, kisha akasafiri.

Hapo ndipo Mama Kicheko alipokiona cha moto. Msimamizi alimnyang'anya Mama Kicheko cherehani yake ya dirishani, akamtupa stoo atenganishe vifungo vilivyochanganyika.

"Atakayekwenda kupiga soga naye, nitamkata mshahara," akatangaza. "Mwenyewe ataacha kazi huyu."

Na kweli alikaribia kuacha. Vifungo havikumshinda, kilichomshinda ni kunyamaza, kwa mdomo ule!

Ila msimamizi alisahau sheria aliyoiweka mwenyewe: fundi akipungukiwa na kifungo, aende stoo achague kinachofanana.

Baada ya siku chache Shangazi akabisha hodi.

"Mwanangu, nimepungukiwa na kifungo."

"Cheupe au cha bluu, Shangazi?"

"Chochote, bora kichelewe kupatikana."

Kicheko kilichotoka stoo kilitikisa mabati. Shangazi hajatoka, mkata vitambaa huyo kafika.

"Wewe kazi yako mkasi, kifungo cha nini?"

"Cha suruali yangu, dada! Au unataka nishinde nimeishikilia?"

Nyuma yake foleni, kila mtu na shati aliloling'oa kifungo kwa meno.

Tajiri aliporudi alimkuta msimamizi ukumbini, anavifokea viti vitupu. Akafuata vicheko hadi stoo.

"Kuna harusi humu?"

Shangazi, mpole wa siku zote, akajitosa: "Tajiri, huyu kaletwa huku kwa sababu alinitetea. Siku ile tulinyamaza. Leo hatunyamazi."

"Sote tuliona," akadakia mkata vitambaa, mkono mmoja bado kwenye suruali.

Kwa amri ya tajiri, msimamizi akakabidhi funguo siku hiyohiyo, akaenda zake. Mama Kicheko akarudi dirishani, akaipapasa cherehani yake kama mtoto aliyetoka safari. Wenzake jioni ile hawakutoka mapema: walibaki wakishona vifungo walivyoving'oa wenyewe, naye kawasimamia, mikono kiunoni, anacheka mpaka machozi.

"Haya, mabingwa wa meno! Nani kapungukiwa tena?"