Sekunde Kumi na Mbili

Paskazia alikata kufuli la mlango wa nyuma kwa msumeno wa chuma, mchana kweupe, wanawake waliokuwa wakikata minofu ya sangara wakimtazama. Ruhusa alikwisha kuiomba mara tatu, kama ofisa usalama wa kiwanda kile cha samaki Ilemela. Mara zote Mhandisi Nestory, aliyesanifu mtambo wa amonia wa kugandishia samaki, alimcheka mbele ya meneja.

Siku hiyo Nestory hakucheka. Alikuja mbio.

"Nani kakutuma? Mlango umefungwa kwa sababu samaki wanaibwa!"

"Na gesi ikivuja, watu watokee wapi?"

"Haivuji! Bomba likipasuka, vali inajifunga yenyewe. Nimeipigia hesabu mwenyewe."

"Kazi yangu inaanza pale hesabu yako inapokwama."

"Unanitukana, binti."

"Nina miaka arobaini na moja. Usiniite binti."

Jioni Paskazia alikabidhiwa barua ya onyo. Fundi aliagizwa kuweka kufuli jipya Jumatatu.

Jumamosi saa nne asubuhi, gari la kunyanyulia maboksi lilirudi nyuma vibaya, likagonga bomba karibu na mlango wa mbele. Gesi ikafoka, nyeupe, ikaziba njia.

"Nyuma! Tokeni nyuma!" Paskazia alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Wanawake walitoka wakijifunika nyuso kwa aproni, wakaanguka nyasini upande wa ziwa. Sihaba, aliyekuwa karibu zaidi na bomba, walimburuta. Macho yalikuwa yamevimba, hayafunguki.

Nestory alifika Paskazia akiwa amepiga magoti, akimmiminia Sihaba maji usoni.

"Vali imejifunga," alisema. "Sekunde kumi na mbili, kama nilivyosanifu."

Paskazia aliendelea kumimina maji. "Iname hapa umwambie yeye."

Nestory hakuinama.

Kwenye ripoti aliandika kuwa mtambo ulifanya kazi ipasavyo. Paskazia alikataa kusaini. Meneja aliifuta ile barua ya onyo, akaamuru mlango usifungwe tena watu wakiwa kazini, kisha akamsihi amwombe mhandisi radhi, kazi iendelee kwa amani.

"Radhi ya nini?" aliuliza Paskazia. Hakungoja jibu. Alichukua bodaboda kwenda hospitali, kujua kama Sihaba ameanza kuona.

Alikuwa anaona kwa jicho moja.