Jiko la Merle na Lengo la Gharama

Merle Hannaford alikuwa mpishi wa makao ya wazee katika hospitali ya Warrapine, mji mdogo wa wakulima wa ngano katika jimbo la Victoria. Siku hiyo alimenya viazi huku akichungulia barabarani. Bwana Tran, mkaguzi wa idara ya afya, alikuwa njiani. Gharama ya kumlisha kila mzee ilikuwa imepita lengo la serikali, na lisipofikiwa jiko lingefungwa, chakula kiwe kinaletwa kutoka jijini kimeganda kama jiwe.

Kosa lilikuwa la mji mzima. Aliyekuja kumsalimia mzazi alikula. Fundi wa bomba alikula. Mchungaji alikuwa na kiti chake kabisa. Kwa hiyo asubuhi Merle alikwenda dukani akawaomba, "Jamani, leo msije kula. Wanataka kunifungia jiko!"

Loo! Uwape watu wa Warrapine habari kama hiyo, halafu utarajie watulie majumbani!

Mchana magari yalijaa uani. Kila mtu alikuja na sahani, kama wafanyavyo nyumba ya mtu ikiungua: pai za nyama, keki za nazi, paja zima la kondoo.

"Niliwaambia nini nyinyi?" Merle alifoka.

"Ulisema tusije kula," alijibu Shirl wa posta. "Hatuli. Tumeleta."

Bwana Tran akatokea mlangoni, mkoba kwapani, macho yamemtoka.

"Kijana, hapo mlangoni hapapakuliwi!" alipaza sauti mzee Clarrie, mkongwe wa makao. "Kaa!"

Akakaa. Akala. Akaongeza.

"Mama Merle," aliuliza mwishowe, "leo umetumia nini?"

"Chumvi," Merle alisema, kicheko kikimbana hadi machozi. "Na hata hiyo, Shirl kaja na yake!"

Hata Bwana Tran alishindwa kujizuia. "Basi nimeelewa. Wazee wako hawana tatizo, ni mji unaokula kwenye sahani zao. Wageni wakija na chao hivi, lengo unalifikia. Jiko libaki."

Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Merle alimkumbatia Shirl, sufuria ikiwa bado mkononi. Clarrie peke yake alikuwa akimkazia macho Bwana Tran.

"Na wewe, mgeni? Chako kiko wapi?"

Masikio ya Bwana Tran yakaiva mekundu. Alitoka mbio hadi garini, akarudi na nusu pakiti ya biskuti. Merle aliipokea kwa mikono miwili, akazipanga biskuti kwenye sahani yake nzuri kuliko zote, akaiweka katikati ya meza.