Washenga wa Kokoa

Jeni alipoolewa Ndandalo, sifa yake ilimtangulia kutoka kwao Katumba Songwe: anafagia. Si kule kufagia kwa kusogeza takataka ziende kwa jirani. Jeni alifagia mpaka kuku wakawa wanatembea uani kwa adabu. Akimaliza mbele ya nyumba anazunguka nyuma, kwenye kokoa, anakokota kila jani kavu na kila kipande cha mgomba, anachoma. Baba mkwe wake, mzee Asegelile, alikuwa akisimama kule njiani na kusema kwa sauti ya kutosha kufika uani, "Pale kuna mke!"

Alisemea mbali kwa sababu mzee alishika mila. Mke wa mwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe, wala hawaongei. Vijana wengi wameshaachana na hayo, lakini mzee Asegelile akitokea njiani, Jeni alikuwa anaingia kwenye mpunga wa watu hadi apite. Wakiwa na neno, linapita kwa mama mkwe, Anyosisye. Na kwa Anyosisye neno halijawahi kutoka likiwa na umbo lililoingia nalo.

Sasa, zile kokoa mzee aliwapa Jeni na mumewe Prosper siku ya harusi. Zilichanua vizuri, vijiua vyeupe vimeng'ang'ania shina, kisha vikadondoka vyote. Msimu uliofuata vilevile.

"Tasa hizo," mzee akatangaza. "Mpunga ukishaingia ndani, napita na shoka. Tutapanda michikichi."

Jeni aliumia. Kila kitu pale nyumbani, hata sufuria kubwa, kilikuwa "cha kwetu," maana yake cha mama mkwe. Kokoa tu ndizo zilizokuwa zao. Kwa hiyo mtaalamu wa kilimo alipopita kijijini, Jeni alimvuta mkono mpaka nyuma ya nyumba. Yule dada akatazama maua, akatazama ardhi inayong'aa kama sahani, akacheka.

"Nani anafagia hapa?"

"Mimi," Jeni akajibu, akisubiri kusifiwa.

"Basi ni wewe unayefukuza washenga."

Akamweleza kwamba ua la kokoa ni dogo mno, nyuki hahangaiki nalo. Wanaolichavusha ni usubi, vidudu visivyofika hata kichwa cha pini, nao wanazaliana kwenye majani yanayooza na migomba iliyokatwa. Anayechoma takataka anachoma na watoto wao.

Prosper aliposikia alishika kiuno. "Yaani mke niliyemwoa kwa usafi, sasa nimwombe awe mchafu?"

"Nyuma tu."

"Na mbele?"

"Mbele nitafagia mpaka ujione sura. Utajuta."

Kwa mpini wa ufagio Jeni akachora mstari kutoka jikoni hadi chooni: huku bustani ya watu, kule ya wadudu. Migomba iliyokwisha kuzaa akaikatakata na kuilaza chini ya kokoa. Nyuki nao hakuwasahau. Kando ya mstari akapanda mbaazi, zikarefuka kuliko mtu, na nyingine akaziacha zichanue tu bila kuvunwa. Akaweka alizeti, mrehani, na maboga ya kutambaa. Chungu cha kutoka Matema kilichopasuka mdomo akakijaza kokoto na maji, nyuki wanywe bila kuzama.

Haikupita muda Anyosisye akaja. "Mwanangu, unaumwa?"

"Hapana, mama."

"Mbona nyuma hapafagiwi? Baba yako kaona akiwa njiani, chai ikamshinda."

"Mwambie baba nafuga usubi. Hao ndio watakaoleta kokoa."

Anyosisye akaondoka na ujumbe, akasalimia nyumba mbili tatu, na alipofika kwa mumewe alikuwa na huu: "Anasema anafuga wale wadudu wa ziwani. Atawakaanga."

Mzee Asegelile alijua wadudu wa ziwani. Wanapanda juu ya maji kama moshi, upepo ukiwaleta ufukweni watu wanawakinga kwa ungo, wanawafinyanga, wanawakaanga. Lakini kufuga? Mtu anafugaje wingu? Hakusubiri mpunga. Alichukua shoka.

Jeni alikuwa anamimina maji kwenye chungu aliposikia kikohozi cha mzee, kile anachokitumia kama honi. Akaruka nyuma ya mbaazi, akachuchumaa katikati ya maboga. Nyayo zikaja, zikasimama chini ya kokoa.

"Wewe kokoa," mzee akauambia mti, maana mila haikukataza kuongea na mti. "Nilikupa nyumba safi. Leo unalala kwenye uchafu. Nikukate nisikukate?"

Kunyamaza ilikuwa sawa na kumpa ruhusa, na kumjibu haikuwezekana. Jeni akalitazama boga lililokuwa mbele yake.

"Wewe boga," akasema, "mwambie kokoa huo si uchafu. Ndiyo nyumba ya washenga wake. Bila wao, maua yote yale hayapati mume."



"Kokoa, muulize boga, hao washenga si wa kukaanga?"

"Boga, mwambie kokoa neno la kukaanga limeokotwa njiani."

Kikohozi kikatoka tena, na safari hii kilikuwa na kicheko ndani yake.

"Na mwambie ainame," Jeni akaongeza, "atazame shina, chini ya tawi la kwanza."

Alikuwa ameviona juzi, akaogopa kumwambia hata Prosper visije vikadondoka. Goti la mzee likalia. Kati ya maua palisimama kitunda cha kijani, saizi ya ncha ya kidole, na kingine pembeni yake. Mzee akakaa pale ameinama. Kisha akapiga chafya kubwa.

"Kokoa, washenga wako hawana adabu. Wanamwingia mtu puani."

Jeni akasikia shoka likishuka. Akafumba macho. Likashuka tena, lakini mlio wake ulikuwa laini, wa majimaji. Akachungulia kati ya mbaazi: mzee alikuwa anakatakata mgomba uliokwisha kuzaa kule pembeni, anabeba vipande kimoja kimoja, anavilaza chini ya kokoa.

"Ndaga fijo, boga," akashukuru, akaenda zake akikohoa.

Jioni Anyosisye alikuja tena, uso umekunjamana. Kwa mara ya kwanza alileta ujumbe mzima, bila kuuongezea chumvi, kwa sababu hakuuelewa hata kidogo.

"Baba yako anasema lile boga lisichumwe."