Mteja Asiyetaka Kitenge

"Koboko nzima hakuna anayeijua simu kama mimi," alijigamba Rosa Kiden, "ukiwatoa wale wote wanaojua kuizima."

Mjukuu wake Shakira aliuza vitenge Arua, kule Mvara, na boti, programu ya simu inayojibu ujumbe yenyewe, ndiyo iliyowajibu wateja wake. Zamani boti hiyo iliisumbua seva, kompyuta inayopokea ujumbe wa wateja, kila mara: ujumbe upo? Ujumbe upo? Bando likaisha bure. Sasa Shakira ameweka webhook: seva imepewa anwani ya boti, na ujumbe ukifika unaletwa wenyewe, naye anauona papo hapo.

"Na wewe Bibi, kutwa unaniuliza kama nimekula," alimwambia. "Tulia. Jambo likitokea, nitapiga mimi."

Bibi aliahidi. Lakini simu ikanyamaza, naye akausukuma ugali wake kando, maana mtoto huyu akishika kazi husahau sufuria. Mwisho akaliandikia duka.

"Karibu! Unataka kitenge rangi gani?" boti ikajibu.

"Sitaki kitenge. Msichana mwenye duka amekula?"

"Samahani, rangi gani?"

"Rangi ya mtu aliyeshiba!"

Hapo hapo simu ikalia. "Bibi, umetulia?"

"Nimetulia kabisa, mama. Simu yenyewe sijaigusa tangu asubuhi."

"Basi ni nani huyu anayegombana na boti yangu?"

"Itakuwa jirani."

"Jirani huyo anatumia namba yako, Bibi?" Shakira aliuliza, mdomo umejaa muhogo.