Maneno ya Kaburi la Mama

Dada yangu Melania alirudi Ushirombo mwezi wa sita, baada ya miaka thelathini na saba ya kufundisha hesabu Brazili, na kijiji kizima kikampokea kwa vigelegele. Mimi nilikuwa jikoni nikiwasongea ugali hao wapiga vigelegele. Sista hivi, Sista vile. Mimi niliyemgeuza mama kitandani miaka miwili, hakuna aliyewahi kunipigia hata makofi.

"Shikamoo, dada," nikamwambia.

"Marahaba, Anisia. Umezeeka," akasema, akanikumbatia.

Nimezeeka, ndiyo. Yeye bado ana meno yote.

Siku ya tatu akanieleza kilichomleta. Anataka kumjengea mama kaburi. Mama alifariki Februari ya tisini na tisa, Melania akapewa taarifa na padri kwa simu, na tangu hapo kaburi lilikuwa na mawe na msalaba wa mti tu. Hilo sikulipinga. Fundi Abel alishaagizwa, padri angekuja Jumamosi kubariki. Kisha dada akafungua kitabu chake cha sala, akatoa barua iliyochanika kwenye mikunjo. Maneno yaliyomo ndiyo yangeandikwa kaburini. Nikauona mwandiko wangu.

"Kaa huko, mwanangu, ufundishe. Watoto wa watu ni wajukuu zangu."

"Nimeishi kwa maneno haya," Melania akasema. "Kila nilipotamani nyumbani niliyasoma."

Nikamwambia naenda kuangalia maharage. Siku hiyo sikuwa nimepika maharage.

Sasa nisikilizeni. Mama hakujua kusoma, na Kiswahili alikuwa nacho cha sokoni tu. Alisema kwa Kisumbwa, mimi nikaandika kwa Kiswahili. Na barua kwetu ina adabu zake, tulifundishwa tangu darasa la nne: sisi huku ni wazima wa afya, hofu ni kwako uliye mbali. Habari mbaya haiandikwi. Anatumwa mtu, anakaribishwa, anakunywa maji, ndipo anasema. Brazili ningemtuma nani? Basi mama anaoza vidonda mgongoni, mimi naandika wazima wa afya. Kwa hilo hakuna wa kunilaumu.

Lakini lile la "kaa huko" halikuwa adabu. Lilikuwa wivu wangu. Melania alichukuliwa na masista akasomeshwa, mimi nikaishia darasa la saba na jembe. Mume wangu Mihayo akafukiwa na duara, shimo la wachimba dhahabu, kule Bugarama, nikarudi nyumbani na watoto, nikamuuguza mama, na kila nikimwogesha anaita Melania. Nikaona huyu akija wiki moja tu, mama atakufa akimshukuru yeye. Sikutaka. Nasema wazi, sikutaka.

Jumamosi asubuhi Abel akasawazisha saruji juu ya kaburi, akaandika kwa msumari jina la mama na mwezi aliofariki.

"Sista, chini yake naandika nini?"

Melania akamnyooshea barua. Mdomo wangu ukanitangulia.

"Usiandike. Mama hakusema hivyo."

Dada akanigeukia. "Alisema nini?"

"Alisema, mwambie arudi nimwone. Kila nilipokaa kuandika alisema hilo hilo. Nikakuandikia langu."

Melania akakaa juu ya mfuko wa saruji na kanzu yake nyeupe. Alipozungumza, alizungumza polepole, kama anamwelewesha mtoto hesabu ya kugawanya.

"Mwaka ule Mama Mkuu wa shirika letu alinipa tiketi ya likizo, miezi mitatu. Barua yako ilifika Jumatatu. Jumanne nikamrudishia tiketi."

Nikamwomba msamaha. Akasema kusamehe ni kazi aliyoiapia na atanisamehe, lakini si leo. Heri angenitukana.

Abel akakohoa. "Mama zangu, saruji inakauka."

Melania akamnyang'anya msumari, akanipa mimi. "Wewe ndiye mwandishi wake. Andika alichosema."

Nikapiga magoti. Aliniinamia kwa nyuma kama mwalimu anayesimamia mtihani, nami nikaandika nikilia, herufi moja moja: MWAMBIE ARUDI NIMWONE. Nilipofika neno la mwisho saruji ilishaanza kuwa ngumu, ikabidi nikandamize kwa mikono miwili.

"Weka na tarehe ya barua," akasema.

Nikaweka: Machi 1998. Juu yake, chini ya jina la mama, Abel alikuwa ameshaandika Februari 1999.

Kila anayepita pale sasa anasoma tarehe zote mbili. Miezi kumi na moja. Hesabu hiyo hata mimi wa darasa la saba naiweza.