Rangi Iliyovuka Mstari

Katika suti nzima ya shujaa, chupi ndiyo iliyomtesa Bibiane. Ukurasa wa kitabu cha katuni cha miaka themanini iliyopita ulionyesha mwanamume mzima, kifua mbele, kavaa chupi nyekundu juu ya suruali ya kubana. Aibu gani hii! Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, akaishona. Bridget, Mkenya aliyekuwa akiandaa maonyesho ya katuni za zamani maktabani, alimwambia waziwazi kwamba suti hii ikipendeza, atampa ashone na zote zilizobaki. Bibiane angeagana na ghala la Ingleburn, alikofanya kibarua huku ughaibuni, na makatoni yaliyokuwa yakimla mgongo.

Bridget alipopiga simu kwamba amefika Granville, mtaani kwao, Bibiane akaitundika suti mlangoni, juu ya kizibao chake cha kung'aa cha ghalani. Binti yake Aline akaitazama, akautazama ukurasa, kisha akasema kwa Kiingereza chake cha kila siku:

"Mum, that's a printing mistake."

Kosa la uchapaji! Ukurasani wino mwekundu ulikuwa umevuka mstari mweusi kidogo, na Bibiane aliufuata. Alishona mistari kwa kamba nyeusi, akakiacha kitambaa chekundu kitokeze nje yake upana wa kidole, kwenye joho, kwenye nembo, hata kwenye hiyo chupi. Hakuteleza mkono. Mama yake, muuza vitenge wa Goma, alimfundisha kwamba kitenge cha kweli rangi yake huruka mstari. Kilichonyooka mno ni cha kuiga. Kumbe hapa ilikuwa ni mashine tu iliyochapa ovyo!

Alishika wembe aanze kufumua, na hapo hapo Bridget akabisha hodi.

Bridget aliingia, akapitisha kidole kwenye ukingo mwekundu.

"Madame, usikasirike," Bibiane alisema. "Ni mimi niliharibu. Unipe siku mbili, nitanyoosha yote."

"Unyooshe nini? Wacha kabisa!" Bridget akamnyang'anya wembe. "Mafundi wawili wameniletea suti zimenyooka, unadhani ni za dukani. Hii ndiyo imetoka kitabuni, na wino wake wote. Mama Aline, ulijuaje?"

"Kwetu kitenge ya kweli iko vile."

Bibiane akaketi. Alishusha pumzi ndefu, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Alifurahi, tena sana.

"Jumatatu nakuletea kurasa zingine sita," Bridget alisema akiikunja suti.

"Na hao wengine, nao wanavaa chupi inje?"

"Wote."

"Bon, sawa. Mungu atanisamehe."

Bridget alipoondoka, mlangoni kilibaki kile kizibao cha ghalani. Bibiane alikitungua, akakikata vipande vya kufutia mafuta ya cherehani, akianzia na mfuko wenye jina lake.